Pasi za kuruka foleni Disney World: tuko tisa, pesa ni ya pasi nne. Tuzigawe vipi?

Binti_Pangani ameuliza:

Wakuu salaam, na shikamoo kwa mnaostahili.

Mwezi wa saba tunakwenda Walt Disney World, Florida, tukitokea Dallas. Siku nne, kila siku bustani moja: Magic Kingdom, EPCOT, Hollywood Studios na Animal Kingdom. Tiketi za kuingilia tumeshanunua. Tutalala nyumba ya kupanga Kissimmee, si hoteli ya Disney.

Msafara wenyewe: mimi, mume wangu na watoto wetu wawili, wa miaka 11 (sm 146) na wa miaka 5 (sm 108). Mdogo wangu na wanawe watatu, miaka 8 (sm 126), miaka 4 (sm 99) na miaka 2. Wa tisa ni mama yetu anayetoka Tanga, ana miaka 68 na goti moja linamsumbua akisimama sana.

Bajeti yetu inafika Lightning Lane Multi Pass (pasi ya kulipia ya kupita njia ya haraka kwenye michezo mingi ya kupanda) za watu wanne kwa siku zote nne. Mdogo wangu hali yake hairuhusu, na si mtu wa kupenda kulipiwa kila kitu. Maswali:

1. Sisi wanne tukipita njia ya haraka na wao wakabaki foleni ya kawaida, inakaaje? Watoto wote wanaitana ndugu, hakuna binamu hapa.
2. Pasi nne zinaweza kuzungushwa kati ya watu wanane? Anayetoka anamvika anayeingia bangili yake, ile inayobeba tiketi na pasi.
3. Mama anunuliwe pasi au ni kutupa hela?
4. Kuna namna ya kutumia pasi hizi bila kuwadhulumu walio foleni ya kawaida?

Nawasilisha.

---

Mpanga_Ratiba amejibu:

Dada, piga hesabu upya. Watu wanne kwa siku nne ni pasi 16. Watu wanane kwa siku mbili ni pasi 16 zilezile. Nimesema wanane kwa sababu wa miaka 2 hahesabiwi: aliye chini ya miaka 3 hahitaji tiketi wala pasi, anapita na mkubwa wake. Basi acha kuchagua watu, chagua siku. Siku mbili mnapita wote, siku mbili mnapanga foleni wote, na hakuna mtoto atakayeachwa mlangoni akimtazama mwenzake anapotea ndani.

Bei zitakusumbua kidogo. Hubadilika kwa tarehe na kwa bustani. Magic Kingdom ndiyo ghali, siku za msongamano huvuka dola 30 kwa kichwa kabla ya kodi. Animal Kingdom ndiyo nafuu. Ukihamisha pasi zako zote kwenye bustani ghali, jumla itapanda. Pengo hilo utalipunguza kwa kutomnunulia mama siku moja, nitafika huko.

Siku ya kwanza ya kulipia ni Magic Kingdom. Ndiko kwenye michezo mingi isiyo na kipimo cha urefu, ile ambayo mtoto wa miaka 4 na bibi yake wanakaa kiti kimoja: Peter Pan's Flight, Jungle Cruise, Winnie the Pooh. Hakuna hata mmoja kati ya wanane atakayekosa pa kutumia pasi yake, na hapo ndipo hela inarudi.

Siku ya pili ni Hollywood Studios. Slinky Dog Dash inadai sm 97, kwa hiyo hata wa miaka 4 anapita kwa sentimita mbili, na foleni yake haipungui mchana kutwa. Toy Story Mania haina kipimo kabisa. Hapa mama anaweza kukosa pasi asipungukiwe na kitu, maana michezo mingi iliyobaki ni ya kurusharusha. Atakaa kwenye maonyesho ya jukwaani yenye viti na kiyoyozi.

Animal Kingdom usilipie. Fikeni kabla lango halijafunguliwa, mwende moja kwa moja Kilimanjaro Safaris. Magari yake yanabeba watu wengi kwa mkupuo, na asubuhi wanyama wanatembea kabla jua halijawalaza. Kando kidogo: kijiji cha Harambe mtakachopita kimejengwa kwa kuigiza mji wa mwambao wetu, wabunifu walikwenda kuitazama Lamu. Vibao vya Kiswahili viko kila ukuta. Mama atavisoma kwa sauti, mpeni muda.

EPCOT pia iacheni bila pasi, ila muwe na subira ya jioni. Foleni ya kawaida unaruhusiwa kuingia hadi dakika ya mwisho kabla ya kufunga, na ukishaingia utapanda hata kama saa imepita. Wakati watu wanatazama fataki ziwani, Frozen Ever After na Remy's Ratatouille Adventure huwa na foleni fupi kuliko mchana. Zote mbili hazina kipimo cha urefu.

Sasa namna ya kuweka nafasi. Saa nitaziandika kama simu inavyozionyesha, tusije tukapishana.

Kwa kuwa hamlali hoteli ya Disney, mnafunguliwa siku 3 kabla ya kila siku ya bustani, 7:00 asubuhi kwa saa za Florida. Wanaolala hoteli zao hufunguliwa siku 7 kabla ya kufika, tena kwa siku zote za kukaa, kwa hiyo saa nzuri za Slinky wameshazichota. Si kosa lako, ndivyo walivyopanga.

Kabla ya siku hiyo, tiketi za wote wanane ziwe ndani ya akaunti moja ya My Disney Experience (programu ya simu ya Disney), kwenye orodha ya familia na marafiki. Hili ndilo linaloharibu safari za familia mbili: kila dada anashika simu yake, kila mmoja anapata saa yake, halafu siku nzima mnatafutana. Mtu mmoja aweke nafasi za wote, akaunti ya pili iwe ya kutazama tu.

Unachagua michezo mitatu ya kuanzia. Magic Kingdom, EPCOT na Hollywood Studios zimegawa michezo makundi mawili, unachukua mmoja wa kundi la kwanza na miwili ya kundi la pili. Animal Kingdom haina makundi. Kwa Magic Kingdom mwaweza kuchukua Peter Pan's Flight (kundi la kwanza), Winnie the Pooh na The Barnstormer (kundi la pili, sm 89). Makundi hubadilishwa mara kwa mara, yatazame wiki ileile ya safari.

Kila nafasi ina saa moja ya kuingia. Ile ya kwanza iwe mapema iwezekanavyo, hata kama mchezo wenyewe ni wa kawaida tu, kwa sababu hupati nafasi ya nne mpaka umetumia moja kati ya tatu. Ukianza na nafasi ya 2:00 mchana, asubuhi yote umeshika pasi isiyozaa.

Nafasi ya watu wanane kwa saa moja ni ngumu kupatikana kuliko ya wanne. Ikikugomea, gawa wanne wanne zenye saa zinazoingiliana. Wanne wakipata 9:40 hadi 10:40 na wengine 10:10 hadi 11:10, kuanzia 10:10 hadi 10:40 mnaingia pamoja. Ila kila nusu iwe na watoto wa nyumba zote mbili. Mkigawana kwa nyumba na saa moja ikapotea, lawama itakuwa na jina.

---

Chui_Columbus amejibu:

Mbona mnahangaika? Nunua tano. Bibi hapandi rola kosta, bangili yake anavaa mtoto, mlango unasoma bangili hausomi sura. Zamani hii kitu ilikuwa bure, sasa wanatukamua, na sisi tuwakamue.

---

Mlinzi_Getini amejibu:

@Chui_Columbus mkuu, la zamani uko sahihi. FastPass ilianza 1999 na ilikuwa bure. Genie+ ya kulipia ikaja Oktoba 2021 kwa dola 15, na tangu 24 Julai 2024 inaitwa Lightning Lane Multi Pass. La bangili ndilo la kumponza dada wa watu.

Tiketi na pasi ni za mtu mmoja kwa jina lake, masharti yanasema hazihamishiki. Na hata ukiweka masharti pembeni, hesabu inakukatalia. Kila mchezo pasi hukubali mara moja tu kwa siku. Bangili ya bibi ikishagongwa Peter Pan's Flight na mjukuu, bibi amemaliza Peter Pan yake ya siku hiyo, na huo ndio mchezo mmojawapo ambao angeukaa kwa raha. Mnazungusha bangili nne kwa watu wanane, saa tano asubuhi hakuna anayejua ipi imetumika wapi, na aliyeshika simu anaona majina yasiyolingana na walio mbele yake.

Mlangoni inakwenda hivi, ili mama na watoto wasishtuke. Unagusisha bangili, kadi au simu kwenye nguzo yenye mduara. Taa ikiwa ya kijani unapita. Ikiwa ya bluu kuna tatizo: umewahi, umechelewa, au jina hilo halina nafasi. Bluu si kosa la jinai. Sogeeni pembeni, mhudumu atazame kwenye tableti yake, wengine wapite. Kinachokera watu ni familia ya watu tisa kusimama mbele ya nguzo moja wakipekua simu. Programu ifunguliwe hatua ishirini kabla, bangili ya mtoto iwe mkononi mwake na si ndani ya begi, na mtu mzima mmoja atangulie, mmoja afunge mkia. Michezo mingi ina nguzo ya pili ndani, kabla ya foleni mbili kukutana, kwa hiyo aliyeponyoka ya kwanza atakwama ya pili, tena mbele ya macho mengi zaidi.

Jambo jingine: ukiwa na pasi huwezi kumwingiza asiye nayo kwa kusema "tuko pamoja". Wa miaka 2 pekee ndiye anayepita hivyo. Mlango ukimkataa wa miaka 4 kwa sababu nafasi yake iliwekwa saa nyingine, itabidi mtu mzima mmoja arudi naye. Amueni kabla ni nani, asije akawa mama mdogo kila mara.

---

Mama_Kipimo amejibu:

Niongezee kuhusu watoto, kwa sababu dada ametaja sentimita na hapo kuna kitu cha bure kinachozidi pasi.

Michezo mingine itawagawa mtake msitake. Magic Kingdom: TRON sm 122, Space Mountain sm 112, Tiana's Bayou Adventure sm 102, Seven Dwarfs Mine Train sm 97. Hollywood Studios: Tower of Terror na Rise of the Resistance sm 102. Animal Kingdom: Flight of Passage na Expedition Everest sm 112. EPCOT: Cosmic Rewind sm 107, Soarin' na Test Track sm 102. Kwa hiyo wa 11 na wa 8 wanapanda vyote hivyo, wa 5 anapanda vya 102 na anaponea chupuchupu Cosmic Rewind kwa sentimita moja, wa 4 katika hivyo ana Seven Dwarfs tu.

Kipimo ni kichwa, si nywele. Rasta zilizofungwa juu au afro inakandamizwa. Viatu havivuliwi, lakini mtoto asiyesimama wima akigusa visigino hupoteza sentimita na safari. Mpimeni nyumbani jioni, si asubuhi. Mtu hupungua kidogo kadiri siku inavyokwenda, na wenu wa sm 108 kwenye kipimo cha 107 hana akiba. Usiweke nafasi ya Cosmic Rewind kwa jina lake mpaka umempima. Michezo ya kununuliwa mmoja mmoja hairudishwi hela kwa sababu mtoto ni mfupi.

Kitu cha bure chenyewe kinaitwa Rider Switch. Mnafika mlangoni wote, pamoja na mtoto asiyefikia kipimo (lazima aonekane, kumtaja tu hakutoshi). Mnamwambia mhudumu. Kundi la kwanza linapanga foleni ya kawaida na kupanda. Mzazi wa pili anabaki na wadogo, anaandikiwa haki ya kurudi, na kundi la kwanza likitoka anaingia kwa njia ya haraka. Foleni moja imetosha wazazi wawili, bila senti.

Mfano Space Mountain. Baba anaingia na wa 11 na wa 8. Ninyi dada wawili mnabaki na wadogo watatu na bibi. Hapohapo Tomorrowland kuna PeopleMover, kigari cha juu kinachokwenda polepole, hakina kipimo, foleni yake husogea haraka, na goti la bibi litakushukuruni. Baba akitoka, mmoja wenu anakwenda kwa Rider Switch.

Ugomvi wa watoto unaanzia hapo. Mzazi wa pili huruhusiwa kuingia na wenzake wachache, kwa hiyo mtoto mkubwa anaweza kupanda mara mbili. Kama ni wa 11 kila mara, wa 8 atanuna mpaka Dallas. Kubalianeni asubuhi: Space Mountain mara ya pili ni ya wa 8, Tiana mara ya pili ni ya wa 11, na wa 5 ana yake kwenye Soarin'. Iandikeni kwenye simu. Watoto wa umri huo wanakumbuka zamu kuliko mawakili.

Na tafadhali, msimfanye bibi kuwa yaya wa watoto watatu ili watu wazima wote watatu wapande mara moja. Kisheria hakuna anayewazuia. Lakini mtoto wa miaka 2, wa 4 na wa 5 kwenye jua la Julai la Florida, na goti lile, hapana.

TRON, Cosmic Rewind, Rise of the Resistance na Flight of Passage zimekuwa zikiuzwa peke yake kama Single Pass, mbili kwa siku mwisho. Hapo ndipo kugawana kwa watu wachache hakuna dhuluma, maana kipimo kimeshawagawa. TRON: watoto wawili wakubwa na mtu mzima mmoja, pasi tatu basi. Mmoja ni mtoto wako, mmoja ni wa mdogo wako. Zawadi ya mchezo mmoja kutoka kwa mama mkubwa haimwumizi mtu heshima yake kama kulipiwa siku nne.

---

Hesabu_ya_Foleni amejibu:

Swali la nne halijaguswa, nami ndilo nililolipenda.

Pasi haiongezi viti. Chukulia mchezo unaobeba watu 1,200 kwa saa na mbele yako kuna watu 240. Bila njia ya haraka, hiyo ni foleni ya dakika 12. Sasa mhudumu anayesimama pale foleni mbili zinapokutana akichukua wanne wa njia ya haraka kwa kila mmoja wa kawaida, foleni ya kawaida inabaki na viti 240 kwa saa. Watu walewale 240 wamekuwa saa nzima. Dakika unazookoa wewe kuna mtu amezilipa kwa miguu yake. Huo ni mpango wa mwenye bustani, na kununua pasi si wizi. Ila ndiyo maana ya kutoongeza chumvi juu yake.

Chumvi zenyewe ni hizi. Mtu mmoja kushika nafasi, halafu wanane wanampitia katikati ya watu wakisema "samahani, familia yetu iko mbele". Aliyehesabu watu kumi mbele yake amejikuta na kumi na wanane. Ingieni pamoja au aliye mbele asimame pembeni ya uzio, apitishe watu, mpaka wenzake wamfikie. Mtoto akibanwa na haja katikati ya foleni, mwambieni mhudumu kabla ya kutoka, si baada. Mkikosa kumwona, mzazi mmoja atoke na mtoto na akirudi aungane na kundi nje, msimpenyeze.

Nyingine ni kubeba nafasi msizozihitaji. Nafasi ya Winnie the Pooh ya watu wanane mliyoamua kuiacha kwa sababu watoto wamelala, ifuteni kwenye simu mara moja badala ya kuiacha ife. Dakika hiyohiyo inatokea kwa mtu mwingine anayetafuta. Na ninyi wenyewe mtapata nyingine badala yake.

Halafu kuna DAS, huduma ya wageni wenye ulemavu. Naitaja kwa sababu kuna watu watakaomshauri dada amwombee mama kwa ajili ya goti. Hadi 2013 kulikuwa na kadi nyingine ya usaidizi, ikatumiwa vibaya kiasi cha kuandikwa magazetini kuwa kuna familia zinakodi mtu mlemavu ili wapite mbele. Oktoba 2013 ikafutwa, ikaja DAS. Mei 2024 wakaibana zaidi: sasa ni kwa wenye ulemavu wa ukuaji kama usonji, wasioweza kuvumilia foleni ya kawaida kwa muda mrefu, na unahojiwa kwa video. Anayebainika kudanganya anafungiwa daima na hela hairudi. Goti halimo humo. Anayeumia ni mzazi wa mtoto mwenye usonji ambaye sasa anahojiwa kama mtuhumiwa kwa sababu ya waliodanganya kabla yake.

Dawa ya goti ni kiti cha magurudumu. Vinakodishwa langoni, na foleni nyingi zimejengwa kiti kipite. Hakikupeleki mbele, kinakuketisha tu. Mama akipewa kiti, hata foleni ya kawaida ya dakika 40 haimwumizi, na swali lako la tatu linakuwa jepesi: pasi yake ni ya Magic Kingdom tu, ili aingie pamoja na wajukuu.

---

Binti_Pangani amejibu:

Asanteni sana. Hesabu ya 16 kwa 16 imenifungua macho, sikuiona. Mdogo wangu amekubali siku mbili, yeye atalipia viti vya magurudumu na chakula cha siku hizo.

Mawili yamebaki. Julai kuna mvua za radi, mchezo ukifungwa tukiwa na nafasi inakuwaje? Na siku ya Magic Kingdom, wageni wa hoteli wakishaingia nusu saa kabla yetu, tukifika lango linapofunguliwa tuanzie wapi?

---

Mpanga_Ratiba amejibu:

Mchezo ukifungwa ndani ya saa yako, Multi Pass haipotei. Simu inakugeuzia nafasi hiyo kuwa ya wazi: unaitumia kwenye mchezo huohuo ukifunguliwa au kwenye mingine iliyoorodheshwa hapo, siku hiyohiyo. Soma orodha kabla ya kutembea, michezo mikubwa mara nyingi haimo. Radi za Florida majira hayo hupenda alasiri, kwa hiyo ya nje iwe asubuhi (Slinky Dog Dash, Barnstormer, Jungle Cruise), ya ndani ibaki mchana. Mkifungiwa wote mkiwa na nafasi ya wazi, msiikimbilie dakika ileile. Kila aliyefungiwa anaelekea mlango uleule. Kunyweni maji, mwende baada ya dakika 30.

Kuhusu kuanza: ile nusu saa ya wageni wa hoteli huwafungulia mitaa ya Fantasyland na Tomorrowland tu. Mkifika ninyi, Peter Pan na Seven Dwarfs zimeshajaa. Geukeni kushoto, Adventureland, mpande Jungle Cruise kwa foleni ya kawaida wakati bado ni fupi, kisha Pirates of the Caribbean iliyo hatua chache mbele. Ndiyo maana nilisema nafasi ya kundi la kwanza iwe ya Peter Pan. Mchezo mmoja mkubwa mnauchukua kwa miguu, mwingine kwa pasi. Mkigonga nguzo ya pasi ya kwanza tu, aliyeshika simu atafute ya nne hapohapo wakati foleni inasogea, asisubiri mtoke. Kuanzia hiyo ya nne sheria ya makundi haipo tena, Jungle Cruise mnaweza kuirudia kwa pasi jioni taa zikiwa zimewashwa.

Angalia na saa yenu. 7:00 ya Florida ni 6:00 Dallas, na siku 3 kabla ya bustani ya kwanza mtakuwa bado nyumbani. Kadi ya benki iwe imeshaingizwa kwenye programu usiku wake, na mdogo wako awe kwenye simu nyingine anakusomea saa zilizobaki.

---

Mama_Kipimo amejibu:

Na kitoto cha miaka 2 kisisahaulike kwenye Rider Switch ya Seven Dwarfs. Yeye pekee ndiye hafikii 97, kwa hiyo yeye ndiye tiketi yenu ya kuomba. Akilala kwenye kigari, mleteni hivyohivyo mlangoni.